Anayeuliza kuhusu dini asizibwe mdomo

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kama muumini ana ruhusa ya kutafuta ukweli nje ya mafundisho ya dini yake. Naamini anayo, tena ni wajibu wake.

Gregor Mendel alikuwa mtawa. Katika bustani ya monasteri alipanda njegere, akahesabu zenye mbegu za mviringo na zenye mikunjo, na mwaka 1866 akachapisha kanuni za urithi, yaani jinsi sifa zinavyopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mzao, zinazofundishwa hadi leo. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Wote wawili walibaki na imani yao. Kinachoniuma ni kijana kuuliza swali la dhati, halafu akaambiwa anakufuru. Niliwahi kuambiwa hivyo mbele ya wenzangu. Nilinyamaza miaka mingi, lakini swali halikuondoka. (Na wasioamini nao wasibeze maandiko ambayo hawajayafungua.)

Nashauri viongozi wa dini watenge muda baada ya ibada wa kujibu maswali bila kumhukumu anayeuliza, na wasipojua, waseme hawajui.

Msomaji wako