Mwanangu, hiyo tyubu ya krimu iache kwanza

Mama angu, habari za huko Kirumba. Sisi huku Nansio wazima, baba yako sukari imeshuka kidogo tunamshukuru Mungu. Nakuandikia usiku huu maana jana kwenye simu ulinikatisha, ukasema mama nina mteja, na mteja mwenyewe sikumsikia.

Mama yako mdogo kashuka na meli juzi kaniambia yote. Kwamba unavaa mikono mirefu na joto lote lile, na ulipompa chai kikombe ulikibeba kwa viganja, vidole umevinyoosha kama mtu aliyeungua. Nilipokuomba picha ukanitumia mkono wa kushoto. Nautaka wa kulia, huo ndo unaoshika brashi ya rangi.

Picha hiyohiyo nimeenda nayo hospitali ya wilaya, nikamwonyesha dokta mmoja kijana, akaikuza akaitazama weeeee, akauliza binti anafanya kazi gani, nikasema saluni, akauliza akipaka watu rangi anavaa glavu? Sikuwa na jibu. Kasema inafanana na ngozi inayogombana na kitu inachokigusa, ila kwa picha tu hawezi kuthibitisha. Inaweza kuwa imechoshwa na maji na shampuu kutwa nzima, na inaweza kuwa aleji, yaani mwili umekikataa kitu kimoja na ukishakikataa hausahau, hata miaka ipite kikigusa kidogo tu inaanza upya. Na haianzi hapohapo. Wewe uliniambia haiwezi kuwa rangi kwa sababu ulipaka Jumatatu ukawashwa Jumatano, kumbe ndo tabia yake hiyo, inachukua siku moja, mbili, hata tatu. Shangazi yako anasema ni kichocho. Kichocho kinawasha aliyeingia ziwani, wewe ziwa unaliona ukiwa kwenye daladala.

Af dokta akaniambia kwenye rangi nyeusi za nywele kuna kemikali inaandikwa PPD kwenye boksi, na piko nyeusi wengi wanaichanganya na hiyohiyo ili ishike haraka. Aliposema piko nikanyamaza. Harusi ya Kisesa unaikumbuka kuliko mimi. Ulipowashwa nilisema ni joto, gari lilikuwa limeshawashwa na watu wote wana sare. Kwenye hiyo picha yako lile ua la piko bado naliona limeacha alama juu ya kifundo. Basi. Ila ukifika kwa daktari habari ya piko iwe ya kwanza kumwambia, kabla ya mikono.

Sasa hiyo tyubu. Mama yako mdogo alisema kwa furaha kabisa, mikono imeharibika lakini uso umetakata. Mwanangu unaipaka usoni? Nijibu hilo kabla ya yote. Mwenye duka la dawa kakuambia fangasi, kakupa krimu ya mchanganyiko, inatuliza siku nne ukiacha inarudi kwa hasira, unaongeza. Ndani yake kuna steroidi kali, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe, inaitwa klobetasoli. Sisemi ni sumu, dokta kasema hata daktari wa ngozi anaweza kukuandikia yenye nguvu hivyo kwa mikono, wiki mbili tatu akikuangalia, maana ngozi ya kiganja ni nene. Usoni hapana. Inakula ngozi, inaleta chunusi na mishipa ya damu inajitokeza. Mashavu yangu unayajua nikisimama juani. Na ile tyubu ya kwanza iliyokuwa kwenye sanduku juu ya kabati langu haikupotea, nilijua nani kaichukua nikaacha tu.

Nenda hospitali ya Bugando, wana kliniki ya ngozi. Usiende moja kwa moja ukarudishwa getini, anzia kituo cha afya au hospitali ya Sekou Toure wakuandikie rufaa, na uulize siku ya kliniki kabla hujaomba ruhusa kazini. Beba tyubu zote ulizopaka hata zilizokwisha, na uchane maboksi ya rangi upande ule wenye maandishi madogo. Kuna kipimo wanakubandikia plasta mgongoni zenye vitu tofauti tofauti, zinakaa siku mbili mgongo hauloweshwi, wanabandua wanaangalia, unarudi tena baada ya siku moja mbili wanaangalia mara ya pili. Kwa hiyo mgongoni usipake hiyo krimu kabisa, inaficha majibu. Na usije ukajipima mwenyewe kwa kujipaka rangi nyuma ya sikio kama ulivyosema, kama ni aleji unaweza kuvimba mpaka macho yafunge. Wakisema kipimo kipo Moshi utaenda, pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992, wanasoma mpaka madaktari wa nchi za jirani. Nauli niambie mapema.

Glavu vaa za naitraili, wengi wanauza zile za bluu, za mpira wa kawaida nazo zina watu zinawawasha. Usizigeuze ukavaa tena. Hiyo pete ivue ukiwa kazini, povu linajificha chini yake. Jifute katikati ya vidole upake vaselini tupu isiyo na harufu. Limau usiguse, hasa kama unakwenda juani, inaunguza. Na mwarobaini wa bibi yako naomba safari hii tuuache, namheshimu ila hapana.

Najua unachoogopa. Unaogopa waseme acha saluni, na ulivyohangaika na ule uanafunzi, unasimama toka asubuhi mpaka taa zinawashwa, mimi nimeringa na wewe hapa mtaani mpaka nimechokwa. Lakini umenificha miezi mitatu, hilo limeniuma, mimi sio mteja wako. Na kusuka hakuna PPD. Hata ukiambiwa rangi basi, vidole unavyo, kuna watu wanakufuata wewe kwa ajili ya misuko tu.

Hiyo safari ya Dar mwezi ujao sikatai, ila sio kabla ya Bugando. Huko saluni mpya utaona aibu kuuliza glavu, utapaka tu rangi uonekane unajua kazi. Nenda Bugando kwanza.

Huku upepo wa wiki jana umebeba bati mbili za jikoni, napikia uani. Mdogo wako anadai hela ya mtihani wa moko, baba yako kasema atampa akiuza yule beberu mweusi, mimi nimemwambia beberu asiguswe mpaka tujue habari za Moshi, amenuna lakini kaelewa. Dagaa mwezi wa giza huu wamekuja wengi, nimeanika mikeka mitatu, mvua ikinionea huruma nitakujazia ndoo.

Nimekutumia elfu thelathini, ni ya kuandikisha kadi na nauli, sio ya krimu. Mama yako mdogo anarudi Mwanza Ijumaa, atafikia kwako, nimemwambia alale hadi Jumatatu mwende wote. Ndoo anakuja nayo yeye, usiibebe wewe, mpini wake ni wa chuma utakukata kwenye hiyo mipasuko.

Picha ya mkono wa kulia naisubiri. Na ya uso, bila filta.

Mama yako