Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: saa isimame Bunju

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: Mashindano ya baiskeli ya masafa marefu, kila mtu peke yake, kutoka na kurudi jijini

Kwa heshima zote, tunaanza na kile tusichokitaka: msafara. Tusifungiwe barabara, tusitanguliwe na pikipiki yenye king'ora, wala daladala zisizuiwe Mwenge ili kutupisha. Mashindano tunayoyaombea kibali si ya kundi linalopita kwa dakika kumi likaisha. Ni ya watu 40, kila mmoja na njia yake, usingizi wake na pancha zake.

Kanuni ni chache. Mwendeshaji anaondoka na baiskeli, mzigo wake na kifaa kinachoonyesha alipo. Hana gari la msaada wala fundi, na haruhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwenzake. Chakula na maji ananunua dukani kama msafiri mwingine yeyote. Akilala saa inakwenda, akiziba pancha inakwenda. Njia ni Oysterbay, Mwenge, Tegeta, Bunju, Bagamoyo, Msata, Segera hadi Korogwe, kisha kugeuza kwa njia ileile. Takriban kilomita 570. Barabara ya Morogoro tumeiacha makusudi, kwa sababu malori yanayotoka bandarini kwenda Tunduma na Rusumo yanapita huko usiku na mchana. Njia ya Msata ina malori pia, ila si kwa wingi ule.

Sasa tupige hesabu. Wakianza Jumamosi saa 10 alfajiri, anayekwenda wastani wa kilomita 24 kwa saa, pamoja na kusimama kwake, atakuwa amerudi Bunju kama saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Anayekwenda wastani wa kilomita 14, kwa kuwa amelala Segera na amekaa chini kunywa chai Msata, atafika Jumapili saa 12 na nusu jioni. Kati ya wa kwanza na wa mwisho ni saa 16. Hakuna kikosi cha kusindikiza watu waliotawanyika hivyo, na hata kingekuwepo kingeleta hatari: gari la kusindikiza linalotambaa kilomita 20 kwa saa linakaribisha kila Coaster na bodaboda kulipita kwa hasira, na anayebanwa ni yule wa pembeni.

Kutoka mjini hakutupi shida. Waendeshaji wataachiwa mmoja mmoja kila baada ya dakika 2, hivyo wa 40 ataondoka saa 11 na dakika 18. Jumamosi saa hizo barabara ni nyeupe, watu wana nguvu, na wengi watakuwa wamevuka Tegeta kabla wauza samaki hawajaanza kutoka Feri. Tatizo ni kurudi.

Anayefika Bunju baada ya saa 25 au 30 juu ya siti si mtu yuleyule aliyeondoka Oysterbay. Vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vimekufa ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja umebanwa na usukani tangu jana. Breki anaivuta bila kuisikia. Shingo imekaza, hivyo kugeuka kuangalia nyuma anaona uvivu, au hawezi kabisa. Na akili imechelewa. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, baiskeli inakula mita 8 kila sekunde. Mtu mzima wa afya hutumia kama sekunde moja kuona hatari na kushika breki. Aliyekesha akitumia mbili, atakuwa ameshakwenda mita 16 kabla breki haijagusa rimu. Tofauti hiyo ya mita 8 ni urefu wa Coaster moja na ushee. Coaster inayokata kushoto ghafla kuingia kituoni, konda akiwa ameshafungua mlango, haimpi mtu nafasi hiyo.

Wanaoifuatilia michezo hii wanalikumbuka jina la Mike Hall, Mwingereza aliyeanzisha Transcontinental Race, mashindano ya baiskeli ya kuvuka Ulaya, mwaka 2013. Alikuwa miongoni mwa wazoefu wakubwa duniani wa kusafiri hivi peke yake. Tarehe 31 Machi 2017, akiwa kwenye mashindano ya kuvuka Australia kutoka Fremantle hadi Sydney, aligongwa na gari kabla ya jua kuchomoza karibu na Canberra, akafariki. Mashindano yalisimamishwa. Alikuwa ameshavuka maelfu ya kilomita za jangwa na tambarare. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa imekwisha.

Wapo wanaoshauri tumalizie Bagamoyo ili jiji tuliepuke kabisa. Ushauri huo una sura nzuri, lakini mwendeshaji anaishi Kinondoni au Temeke, na baada ya kuvishwa medali atapanda baiskeli yake hiyohiyo kurudi nyumbani, taa zikiwa zimekwisha chaji na hakuna anayemhesabu. Hatari inabaki palepale, ila imetolewa kwenye daftari letu.

Ndiyo maana tunapendekeza saa isimame Bunju. Mwendeshaji akifika anagongewa muhuri, muda wake wa mashindano umekwisha, na kilomita 25 au 30 zinazobaki hadi Oysterbay hazishindaniwi. Hapo Bunju atavua viatu, atakula, atalala. Haruhusiwi kuondoka kabla ya dakika 90, na aliyelala anasubiri nusu saa baada ya kuamka, maana dakika za kwanza baada ya usingizi mzito mtu huwa mzito wa maamuzi kuliko alivyokuwa kabla ya kulala. Kuondoka kwenda mjini kutaruhusiwa kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, kukiwa kumekucha, hadi saa 10 jioni. Anayefika nje ya muda huo anasubiri, au anapakia baiskeli kwenye guta au pikapu na kwenda zake. Kupanda gari kutoka Bunju hakutapunguza hata dakika kwenye matokeo. Tunalisisitiza hili kwa sababu wenzetu wenyewe ndio watakaolipinga kwanza: wengi wanaona aibu.

Kuhusu kifaa cha kuonyesha mtu alipo, tusingependa ofisi yako iambiwe kwamba kinatosha kusimamia nidhamu. Vifaa vingi vya aina hii hutuma alama kila baada ya dakika 5. Kwa kilomita 24 kwa saa, kati ya alama na alama kuna kilomita 2 nzima ambazo hakuna anayejua zilivyopitwa. Ramani haiwezi kuonyesha aliyevuka taa nyekundu, wala aliyejificha kwenye njia ya mwendokasi ambayo iko mita chache tu kutoka njia ya kawaida. Njia ile ina kingo za zege. Ukiwa ndani na basi likaja nyuma, huna pa kutokea. Atakayeonekana humo anaondolewa mashindanoni, bila onyo la kwanza. Kumwona kunahitaji macho ya watu, nasi tutaweka wasimamizi wawili wawili Mwenge, Tegeta na Bunju.

Tuje kwenye barabara yenyewe, na hapa tunaomba wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, wasome kwa makini, kwani mambo haya hayamhusu mwanamichezo wa siku moja tu. Wabeba mkaa, wauza maziwa na wenye maguta wanapita humo kila asubuhi.

La kwanza ni vyuma vya kufunika mitaro. Pale ambapo nondo zake zimelazwa kufuata mwelekeo wa barabara, tairi ya milimita 28 au 32 inazama kati ya nondo mbili, gurudumu la mbele linasimama papo hapo na mtu anaruka juu ya usukani. Dawa yake si kubadilisha mfuniko wote: ugeuzwe robo mzunguko kama ni wa mraba, au zichomelewe bapa za chuma kukatiza, moja kila sentimita 15. Na kwa kuwa vyuma vinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mahali palipobaki shimo tupu tunashauri mfuniko wa zege.

La pili ni ukingo wa lami. Bega la barabara likiwa limeliwa na mvua, lami inabaki juu kwa sentimita 5 hadi 10. Mwendeshaji akisukumwa chini na lori, kosa la kawaida ni kujaribu kupanda tena kidogokidogo kwa ubavu. Tairi linakwaruza ukingo, linateleza, naye anaanguka upande wa kulia, yaani chini ya magari. Sisi tunawafundisha waendeshaji washuke wote, wapunguze mwendo, wasimame, waibebe baiskeli juu. Lakini kujaza kifusi na kushindilia sehemu chache mbaya kati ya Bunju na Tegeta kungeokoa zaidi kuliko mafunzo.

La tatu ni matuta na rasta, yaani vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo. Tuta lisilopakwa rangi, usiku halionekani hadi uwe juu yake. Baiskeli yenye mzigo ikiligonga kwa kilomita 30, tyubu inabanwa kati ya rimu na lami na kutoboka matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Wakati mwingine spoku inakatika pia. Rangi nyeupe inayoakisi mwanga inatosha. Kwenye rasta tunaomba nafasi ya mita moja iachwe wazi upande wa kushoto kabisa. Kuzipita kwa gurudumu jembamba, mikono ikiwa na ganzi, usukani unaweza kuponyoka.

La nne linaonekana dogo: nyaya za matairi ya malori. Tairi la lori likipasuka huacha bega la barabara limejaa vipande vya waya mwembamba kama nywele, sentimita moja hivi. Ndizo zinazoleta pancha nyingi kuliko misumari. Fundi asiyezijua anaziba tundu, anarudisha tyubu, na baada ya kilomita 2 upepo umekwisha tena kwa sababu waya bado umo kwenye tairi. Inabidi kupitisha kitambaa ndani ya tairi lote, polepole, hadi kinase. Fagio la siku moja, Ijumaa, kutoka Bunju hadi Mwenge, linatosha kwetu. Na sehemu zenye ujenzi, tafadhali, nondo zilizochomoza zifungwe na kokoto iondolewe njiani jioni hiyo.

Kwa upande wetu, Ijumaa kutakuwa na ukaguzi, na tunakaribisha askari wa usalama barabarani washiriki wakiwa na mamlaka ya kumzuia mtu. Kila baiskeli iwe na taa mbili nyekundu za nyuma, kila moja na betri yake, walau moja inayowaka mfululizo. Tunazikagua mzigo ukiwa umefungwa, kwa sababu begi la chini ya siti likilegea hufunika taa, na mwenyewe hana habari. Taa ya mbele iinamishwe isimpofue dereva. Vifundoni kuwe na mikanda inayoakisi mwanga: kitu kinachopanda na kushuka usiku dereva anakitambua upesi kuwa ni mtu. Kioo kiwe upande wa kulia, ndiko magari yanakopitia. Raba za breki zilizokwisha mifereji hazipiti. Tyubu 3, viraka na solosheni ambayo haijakauka (fungua uone, wengi wanabeba bomba tupu), pampu, kiungio cha cheni, spoku 2.

Waendeshaji wanaotoka Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari huenda upande wa kulia, watabandikiwa mkanda wa gundi kwenye usukani ulioandikwa KUSHOTO. Mchana wa kwanza hawauhitaji. Baada ya usiku mmoja bila usingizi mazoea ya nyumbani yanarudi, na mtu anaangalia upande usio sahihi kwenye mzunguko.

Yule anayepata pancha usiku hatakiwi kuinama gizani peke yake na simu inayong'aa mkononi. Vibaka wa bodaboda hawahitaji mwaliko zaidi ya huo. Atatembea hadi kituo cha mafuta chenye taa. Tunaomba vituo vya njiani vijulishwe ili walinzi wasiwafukuze.

Mwezi tunaoupendekeza ni Julai. Masika yamekwisha, joto limepungua, na kumekucha vizuri ifikapo saa 12 na nusu.

Basi, Mheshimiwa, tunaomba kwako mambo haya: kibali cha tarehe, madarasa mawili ya shule moja ya Bunju kuanzia Jumamosi usiku hadi Jumatatu asubuhi, maji na choo vikiwemo, askari wawili Mwenge na wawili Tegeta Jumapili mchana, waongoze magari kama siku zote, na kikao kimoja na wahandisi wa TANROADS na TARURA, ikiwezekana si ofisini bali barabarani, kwa miguu, kuanzia Bunju kuja Tegeta. Tutakuja na ramani yenye alama za kila chuma cha mtaro na kila tuta tunalolizungumzia, pamoja na kopo la rangi ya kuwekea alama.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Waendeshaji, waandaaji na mafundi wa baiskeli za masafa marefu,
Dar es Salaam

Nakala:
Kikosi cha Usalama Barabarani
TANROADS, Mkoa wa Dar es Salaam
TARURA, Mkoa wa Dar es Salaam