Nguo nyekundu si lazima iwe muvi ya watoto

Mhariri, salamu kutoka Busia, huku upande wa Uganda.

Hii likizo mtoto wa dada yangu, ana miaka 9, alikuja na flashi kutoka kwa duka la kuweka muvi akaniambia anko nimepata ingine kama ya Spider-Man. Nikatupa jicho, nikaona mtu wa nguo nyekundu, uso umefunikwa, panga mbili mgongoni, nikasema haya wekeni, mimi nikaenda kuoga. Narudi nakuta wanawake wanacheza uchi kwa klabu na watoto wanne wametulia kimya vile hawajawahi kutulia hata kanisani.

Ilikuwa Deadpool, ile ya kwanza ya 2016. Nikazima, halafu usiku wakishalala nikaiangalia yote peke yangu, maana siwezi kukataza kitu sijakiona. Na mhariri nisikudanganye, nilicheka mpaka mke wangu akaamka! Sasa hapo kwa kicheko ndio nilishtuka. Vichwa vinakatwa, jamaa anajikata mkono wake mwenyewe ili atoke kwenye pingu, na damu haijakauka utani umeshafuata, kwa hivyo mtoto hapati hata nafasi ya kuogopa. Kwa muvi zingine za vita mtoto anafunika macho, hapa anashika mbavu. Mimi hiyo inanisumbua kuliko ule uchi, kwa sababu kwa uchi unashika rimoti unaruka mbele, lakini huo utani wa damu, pamoja na matusi na utani wa chumbani, umejaa mwanzo mpaka mwisho, utaruka mangapi?

Na si mimi tu mshamba. Marekani waliipa R, yaani wa chini ya miaka 17 anaingia na mzazi au mtu mzima, Uingereza wakaandika 15. Tena Desemba 2018 wenyewe wenye muvi walichukua ile sehemu ya pili wakaipunguza makali, wakaitoa upya ili vijana wadogo waone. Hawangejisumbua kukata kama ya kwanza ilikuwa sawa.

Lakini hizo namba za wazungu hapa kwetu zinafika nusu tu, sababu tuna VJ, yule anayetafsiri muvi kwa sauti yake juu ya ile ya asili. Mtoto hasikii Kiingereza cha Ryan Reynolds, yule anayeigiza Deadpool, anasikia Kiluganda cha VJ, na VJ pahali fulani anafunika tusi vizuri kabisa, pahali pengine anaongeza lake ambalo kwenye muvi halikuwepo. Kwa hivyo mzazi ukisoma kwa simu kwamba muvi fulani haina shida, bado hujajua ile iliyo kwa flashi yako inasema nini. Kaa chini uisikilize hiyo hiyo, hata nusu saa.

Na nyinyi wenye maduka na wenye vibanda vya kuonyesha muvi, jina la VJ mnaliandika kubwa linaonekana mpaka stendi ya boda, sasa umri ndio unakosa nafasi? Andikeni 15, andikeni 18, kwa mkono tu na kalamu.

Kijana wangu mkubwa ana miaka 16, huyo nilimruhusu, tukaangalia pamoja, ile ya klabu tukaruka sote tukijifanya tunatafuta chaja. Wa miaka 9 mpaka leo hanisalimii.

Mzazi, Busia