Karakana za vyuo zisifungwe saa tisa na nusu

Ndugu Mhariri,

Naandika barua hii nikijua kwamba ikifanyiwa kazi, wa kwanza kupoteza wateja ni mimi. Nina mashine ya kukereza vyuma, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, hapa Gerezani, Dar es Salaam, na kazi zangu nyingi za jioni zinaletwa na wanafunzi wa uhandisi. Si kazi za darasani. Ni za klabu zao: hawa wana baiskeli ya umeme, wale wana mashine ya kuparaza muhogo, na mwaka huu wapo wanaohangaika na kigari cha magurudumu matatu.

Kila wakija nawauliza, kwani chuoni kwenu hakuna mashine ya kukereza? Ipo, tena nzuri kuliko hii yangu ya mtumba. Ila karakana inafungwa saa tisa na nusu alasiri, fundi anaondoka na ufunguo, na wao vipindi vinawaachia saa kumi. Jumamosi ni kufuli. Ukitaka ifunguliwe unaandika barua kwa mkuu wa idara, barua inakaa, hatimaye mtoto anapanda daladala na vyuma kwenye begi kuja kwangu.

Wapo watakaosema klabu ni burudani kama mpira au kwaya, na anayetaka vitendo atavipata fildi, yaani mafunzo ya kazini. Fildi naijua, nimepokea vijana wake. Wiki chache anazokaa, nusu anajaza kitabu cha kumbukumbu na nusu nyingine anatumwa chai. Na ile miaka 3 ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ya kukaa chini ya mhandisi mzoefu, inaanza mtu akishahitimu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili atapata wapi nafasi ya kuharibu chuma, ajue kimeharibikia wapi, kisha atengeneze kingine? Ni kwenye hizi klabu tu.

Mwezi uliopita kijana wa kikundi cha muhogo alileta mchoro wa shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine. Umechorwa kwa kompyuta, unapendeza kweli. Pale pa kukaa beringi, zile ringi mbili zenye gololi katikati zinazoiacha shafti izunguke, ameandika milimita 25, basi. Beringi yenyewe alikuwa nayo mfukoni, namba 6205, tundu lake 25. Nikamuuliza, 25 ipi? Akanitazama kama nimemtukana. "Ishirini na tano kamili, mzee."

Nikampa mikromita, kifaa cha kupimia unene hadi sehemu za mia za milimita, ashike mwenyewe. Nikakereza kipande cha majaribio kikapungua sehemu 5 za mia za milimita. Beringi ikaingia kama pete kwenye kidole kilichokonda. Ukiishika ringi ya ndani, chuma kinazunguka peke yake. Mashine ya namna hiyo ingekula shafti kabla ya msimu wa muhogo kwisha. Kipande cha pili nikakiacha kizidi kwa sehemu 1 ya mia. Hapo mkono ulishindwa, ikabidi aigongee beringi kwa kipande cha bomba kilichokaa juu ya ringi ya ndani, maana ukigonga ringi ya nje unaziumiza gololi. Kwa macho, vile vipande viwili huvitofautishi. Haya darasani amefundishwa, na bila shaka mtihani alifaulu. Lakini alirekebisha mchoro palepale, amekalia kopo la rangi, na siku hizi michoro ya kikundi chao inakuja imeandikwa kizidi kiasi gani na kipungue kiasi gani.

Wale wa kigari nao waligombana hapa mlangoni kwangu. Wa umeme walinunua mota kabla wa mitambo hawajamaliza chesisi, yaani fremu ya kigari, na matundu yakakataa kuonana. Kelele zilikwisha pale mweka hazina wao, binti wa mwaka wa tatu, alipofungua daftari la michango na kuniuliza bati jipya la kufungia mota ni shilingi ngapi. Ofisini watakutana na kikao cha namna hiyo kila wiki, ila huko fedha itakuwa ya mteja.

Mambo haya hayajaanza leo. Gari la umeme la Kiira EV, la viti viwili, liliundwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011 na wanafunzi pamoja na walimu wao, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors. Marekani yako mashindano ya Formula SAE tangu 1981, wanafunzi wanaunda kigari cha mbio cha mtu mmoja. Vijana wangu walinionyesha kanuni zake kwenye simu. Gari libuniwe na wanafunzi wenyewe bila mhandisi wa kazi wala fundi kama mimi kutia mkono, na timu ikabidhi hesabu ya gharama mpaka boliti. Nilicheka, maana kanuni hiyo inaniambia nikae mbali na mchoro.

Sababu ya kufunga ninayoambiwa ni usalama. Usalama upi? Mtoto akinyimwa karakana yenye miwani, kizima moto na fundi mwenye cheti, atachomelea uani hosteli usiku, waya umechomekwa bila plagi. Nimeshaona kigari kilichochomelewa hivyo. Viungo vyote nilivikata kwa grenda.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Karakana ifunguliwe hadi saa mbili usiku, japo siku tatu kwa wiki, na fundi wa zamu alipwe saa za ziada. Asipolipwa hatakaa, na mimi nisingekaa. Klabu ipewe fungu dogo la chuma na vifaa vya kuchomelea. Na kazi ya kikundi iingie kwenye alama, kwa sababu vijana wangu wanapotea kila mitihani ikikaribia, wakirudi shafti imeshika kutu.

Kama shida ni mtu wa zamu, nitakuja jioni za Jumanne na Alhamisi. Nauli nitajilipia, mikromita nitakuja nayo. Chuo kinipe ufunguo tu.

Mkereza vyuma,
Gerezani, Dar es Salaam