Hati bado iko sandukuni

Mwanangu,

Ujumbe wako niliupata Jumapili nikitoka kanisani, nikausoma mara mbili ndani ya matatu. Umepata ploti ya kupangisha Zimmerman, hapa Nairobi, bedsita 12, yaani nyumba za chumba kimoja kimoja, mwenyewe anauza kwa haraka, nawe unaomba hati ya nyumba yetu iwe dhamana ya mkopo. Sijakataa. Ila hati bado iko sandukuni.

Umeniandikia kwamba vyumba 12 kwa shilingi 8,000 ni 96,000 kwa mwezi, benki inachukua 85,000, zinabaki 11,000. Hebu shika kalamu. Ushuru wa nyumba za kupangisha ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na unatozwa kwa kodi yote uliyopokea, si kwa faida. Hata ukinunua pampu mpya au ukipaka rangi, hupunguziwi kitu. Hizo ni 7,200, na unazilipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Msimamizi wa ploti umpe 12,000. Umebaki na 76,800 na benki inadai 85,000, na hapo wapangaji wote 12 wamelipa.

Hawatalipa wote. Vile vyumba vyetu vinne vya Githurai nimevipangisha tangu ukiwa darasa la tatu. Desemba watu huenda ushago na wengine hawarudi. Januari karo inakula kodi. Mwaka 2020, wakati wa korona, mama mmoja muuza mitumba alikaa miezi mitano bila kulipa. Nilimwekea kufuli mlangoni, jambo ambalo sheria hairuhusu bila amri ya mahakama, na mtoto wake akalala kwa jirani. Kesho yake niliifungua mwenyewe. Mpaka leo linaniuma. Miezi ile niliivumilia kwa kuwa sikuwa na deni la mtu. Wewe ungeivumilia vipi, na benki ikikupigia simu kila wiki?

Maji usimuulize muuzaji, waulize wapangaji. Wao ndio wanajua mfereji unatoka siku gani na maji ya bauza, lile lori la maji, yanauzwa bei gani. Nimepoteza wapangaji wengi kwa ukame wa tanki kuliko kwa kupandisha kodi.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hilo neno "haraka". Huko kwetu ploti nyingi zilianzia kwa kampuni za kununua ardhi, na mtu anaweza kukuonyesha cheti cha hisa akikiita hati miliki. Cheti cha hisa si hati. Fanya sachi ya ardhi, yaani kuangalia kwenye rejesta mwenyewe ni nani, kupitia wakili wako, si wa muuzaji wala wa dalali. Uulize pia kama ghorofa zile zilipitishwa na kaunti, na kama ziko mbali na mto na barabara. Aprili 2016 jengo liliporomoka Huruma usiku wa mvua kubwa, wakafa watu zaidi ya 40. Waliolala mle walikuwa wapangaji kama watakaokuwa wako, mwanangu, na mwenye nyumba ndiye hujibu.

Na kwenye bajeti yako sikuona ada ya stempu, ile serikali hutoza ardhi ikibadilisha mwenyewe. Mjini ni asilimia 4 ya thamani, na wakili bado hujamlipa.

Jumamosi njoo asubuhi twende Zimmerman pamoja. Kukinyesha ni heri, tutaona maji yanatuama wapi. Uje na nakala ya hati ya huyo bwana. Akikataa kuitoa, tutakunywa chai turudi nyumbani. Akiitoa, tutapiga hesabu upya vyumba vitatu vikiwa vitupu, na ikiweza kulipa benki hivyo, sanduku nitalifungua. Isipoweza, akiba yako ya sako, kile chama chenu cha akiba na mikopo, inatosha kuanzia chumba kimoja kimoja kwenye kile kipande kilichobaki Githurai. Hapo sitakudai riba.

Mamako