Ukurasa wa mapishi utukumbuke na sisi tunaopika usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu ukurasa wa mapishi unaotoka katika gazeti lako kila mwisho wa wiki. Ukurasa huo naupenda, ila kwa muda mrefu umekuwa ukituletea pilau, biriani, kuku wa kupaka na keki za aina aina, yaani vyakula vya mtu aliyejaaliwa nusu siku ya kukaa jikoni, ilhali wengi wetu hapa Dar es Salaam tunafika nyumbani saa moja au saa mbili usiku tukiwa tumechoshwa na foleni, na watoto wanatakiwa wawe wamekula na kulala mapema kwa ajili ya shule. Mtu wa namna hiyo, Jumanne usiku, hawezi kuanza kukaanga vitunguu vya biriani. Napendekeza apewe saladi ya makaroni na kuku, na kwa kuwa maelezo yake ninayoyaona yakichapishwa huku na kule huwa yamefupishwa mpaka yameacha mambo ya msingi, naomba uniruhusu niyaeleze kwa kirefu kidogo.

Urahisi wa chakula hiki umo katika kuigawa kazi. Kuku anaweza kuchemshwa jioni ya jana, wakati jiko limeshawashwa kwa chakula kingine, kisha akahifadhiwa kwenye jokofu. Leo yakabaki makaroni, ambayo hayazidi robo saa motoni, na mboga ambazo hazipikwi kabisa. Anayenunua gesi kwa mtungi mdogo ataelewa haraka faida ya mpango huo.

Nusu kuku wa kisasa anatosha watu wanne. Akatwe vipande, awekwe kwenye sufuria na maji ya kumfunika, chumvi, tangawizi iliyopondwa na punje chache za kitunguu saumu, kisha achemke kwa moto mdogo kwa dakika 30 hivi. Moto mkali unaoyafanya maji yatokote kwa fujo huikausha nyama ya kidari na kuifanya iwe ya nyuzi nyuzi, kasoro ambayo katika mchuzi hufichika lakini katika saladi huonekana wazi. Kuku wa kienyeji ana ladha kubwa zaidi na sina ubishi na mtu juu ya hilo, lakini huyo anaweza kudai zaidi ya saa nzima jikoni, kwa hiyo asubiri Jumapili. Nyama ya kuku inahesabiwa kuwa imeiva salama inapofikia nyuzi joto 74 za Selsiasi ndani kabisa, na asiye na kipimajoto akate sehemu nene ya paja karibu na mfupa, na akiona wekundu airudishe motoni. Supu inayobaki isimwagwe; kesho itapikia wali.

Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Tumelelewa kumwosha kuku mbichi chini ya bomba, kwa ndimu na maji mengi, na tunamwona asiyefanya hivyo kuwa mchafu. Maji hayo yanaporuka hubeba vijidudu kama salmonela na kuvisambaza kwenye sinki, kwenye vyombo, na kwenye matango yaliyo pembeni yakisubiri kuliwa mabichi. Vijidudu vilivyo kwenye kuku vitauawa na moto, na ndimu haiwezi kufanya kazi hiyo ya moto. Lakini vile vilivyorukia matango hakuna atakayeviua, kwa sababu matango hayapikwi. Asiyeweza kuacha desturi hiyo amwoshee kuku ndani ya beseni, taratibu, kisha asafishe kila kitu kwa sabuni kabla hajagusa mboga. Ubao na kisu vilivyokatia kuku mbichi visikatie nyanya.

Makaroni yawe ya aina fupi, ya vibomba au ya msokoto, kwa kuwa spageti huviringana na kuacha kuku na mboga chini ya bakuli. Nusu ya pakiti ya gramu 500 inatosha kwa watu hao wanne. Yapikwe katika lita mbili au zaidi za maji yanayochemka, yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi, na yaongezewe dakika moja juu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Sababu yake ni kwamba wanga wa makaroni hukaza unapopoa, hivyo yale yaliyokuwa laini vya kutosha yakiwa ya moto huwa magumu yakishakuwa ya baridi. Baada ya kuchujwa yamwagiwe maji ya baridi. Kwa makaroni ya mchuzi hilo ni kosa, maana maji huondoa ule utando wa wanga unaoshika mchuzi, lakini kwa saladi linasaidia yasiendelee kuiva na yasigandane. Maji hayo yawe yale yaliyochemshwa yakapoa, si ya bomba moja kwa moja, kwa kuwa makaroni hayatarudi tena motoni. Sijapata kuona mapishi yoyote yaliyochapishwa kwetu yakilisema jambo hilo.

Kuhusu mayonezi, ambayo watu wengi huamini kwamba bila hiyo hakuna saladi, nadhani tunaitumia kupita kiasi. Ni ghali, ni nzito, na ikizidi hufunika ladha ya kila kitu. Mtindi mzito, robo lita hivi, ukichanganywa na kijiko kimoja cha chakula cha mayonezi, maji ya ndimu moja, haradali kidogo, pilipili manga, chumvi na kitunguu saumu kilichotwangwa, unafanya kazi vizuri zaidi na una uchachu unaohitajika kwenye joto la pwani. Makaroni hunywa majimaji kadiri yanavyokaa, kwa hiyo nusu ya mchanganyiko huo utiwe mara yakishachujwa na kupoa, na nusu nyingine wakati wa kuandaa mezani. Nyanya zitolewe mbegu zisije zikaifanya saladi kuwa supu. Vitunguu vikatwe vyembamba, vivurugwe kwa chumvi na kusuuzwa kama vya kachumbari. Matango, karoti na pilipili hoho kila mtu anajua la kuzifanya. Msimu wa maembe, embe bichi lililokwanguliwa na kotimiri nyingi huibadilisha kabisa saladi hii, na mimi binafsi huliona bora kuliko pilipili hoho.

Najua kuna watakaosema kwamba chakula cha usiku lazima kifuke mvuke, na kwamba makaroni ya baridi ni mambo ya hotelini. Makaroni na tambi si wageni pwani yetu; tunazipika kwa nazi na sukari kila Ramadhani. Na atakayekaa kwenye nyumba ya bati mwezi Februari, saa mbili usiku, feni ikizungusha joto lile lile, ataniambia mwenyewe kama anatamani sahani ya ugali wa moto kuliko bakuli lililotoka kwenye jokofu.

Jambo ambalo sitaki mwandishi wenu wa mapishi aliache hata kama nafasi ni ndogo ni la kiporo. Watu huilaumu mayonezi saladi inapowadhuru, ilhali mayonezi ya dukani ina siki ambayo huzuia vijidudu visizaliane kwa kasi. Wenye hatari zaidi ni kuku na makaroni yaliyoachwa juu ya meza. Kanuni inayokubalika ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 kisizidi saa moja. Kanuni hiyo inamhusu pia yule kuku wa jana: achambuliwe akiwa vuguvugu, afunikwe, aingizwe kwenye jokofu usiku ule ule, na asisubiri asubuhi. Asiye na jokofu, au ambaye umeme wake unakatika mara kwa mara, apike kuku na makaroni jioni moja, kiasi cha kumalizwa usiku huo, na bado atakuwa amekula ndani ya saa moja.

Kwa sababu hiyo hiyo saladi hii isifungwe kwenye kontena la mtoto wa shule. Kontena linalofungwa saa kumi na mbili asubuhi na kufunguliwa saa sita mchana limekaa saa sita ndani ya begi, na hakuna ndimu wala siki itakayolisalimisha. Naomba mtakapochapisha mapishi haya, au mengine yoyote ya baridi, mweke pembeni yake muda wa jikoni, idadi ya walaji, na saa ambazo chakula kinaweza kukaa nje, kwa maandishi yanayosomeka bila miwani.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam