Mjomba, usiikate ile picha

Shikamoo mjomba. Nimesikia Jumapili unaipeleka ile picha ya Kongwa studio wakaikuze, na kwamba umewaagiza wabakize katapila tu, upande wa kulia ukatwe kwa kuwa umefifia. Nimekupigia mara mbili hukupokea. Naandika hapa kwa sababu najua wajukuu watakusomea.

Krismasi iliyopita niliipiga kwa simu, na jana usiku nimeitazama tena. Nyuma imeandikwa 1949 kwa penseli. Katapila limejaa katikati, na kijana aliyeegemea mnyororo wake, kofia upande, ni babu. Naelewa kwa nini unaipenda. Lakini kule kwenye ukungu kuna wanawake watatu wamezunguka uga, fimbo juu, wanapura uwele. Wa nne ameinua ungo anapepeta, makapi yametanda hewani kama moshi. Mpiga picha hakuwalenga. Wamo kwa sababu walikuwa kazini.

Habari za lile katapila unazijua. Uingereza ilitoka vitani haina mafuta ya kupikia ya kutosha, ikapanga kulima karanga hapa Tanganyika ekari zaidi ya milioni 3: Kongwa, Urambo na kusini, Nachingwea. Kazi ilianza 1947. Mitambo mingi ilikuwa mabaki ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Hadi mwaka ule unakwisha zilikuwa zimepandwa ekari 7,500 hivi, maana mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Uvunaji nao ukawa balaa jingine. Karanga huzaa chini, na mvua ikishakatika udongo wa Kongwa hukauka ukawa kama tofali. Chuma kinalika, karanga hazitoki. Januari 1951 mradi ukaachwa, zimeshateketea pauni milioni 36 hivi.

Uwele hubeba suke lake juu. Ardhi ikauke itakavyo, mvunaji anapita na kisu kidogo. Mvua chache unazivumilia pia, na Wagogo, wenyeji wa Kongwa, walilijua hilo miaka mingi kabla ya meli za matrekta kutia nanga.

Simdharau babu, mjomba. Alipata kazi ya mshahara na ufundi, na sisi tumesoma kwa ufundi huo. Wala sichukii mashine. Nimeyaona malengelenge ya kupura viganjani mwa mama, na siku mashine ya kupukuchua mahindi ilipofika kijijini kwetu nilifurahi hadi nikalia. Ila mwaka ule wa picha, familia ya kijana yule ilikula kilichotoka kwenye uga. Ukikata upande wa kulia, watoto wetu watalitazama katapila ukutani wakidhani ndilo lililotulisha.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Mama anaamini yule mwenye ungo ni bibi. Anasema anamtambua kwa alivyojifunga kaniki. Nilipoivuta picha kwenye simu nikaona kitu mgongoni mwake, kama kichwa cha mtoto. Kama ni bibi kweli, basi yule ni kaka yenu mkubwa, yule asiyekuwa na picha hata moja.

Aliyebaki wa kutuhakikishia ni wewe. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, nina kioo cha kukuzia. Picha uiache mezani, mjomba, hadi nifike.